Jogoo wa Ihumwa Mbele ya Mahakama ya Pimbi

Mpendwa Dada,

Kwa mamlaka uliyonipa wewe mwenyewe juu ya mwamba wa nyuma ya nyumba yetu Ihumwa, nawatangazia wananchi wote, wenye miguu miwili na wenye minne, kwamba jogoo mmoja mwekundu, asiye na makazi maalumu, amekamatwa Area D, hapa Dodoma mjini, kwa kosa la kuharibu tuta zima la mchicha na kuwika bila kuulizwa. Jeshi la Polisi lilitumia nguvu za wastani. Mshtakiwa alifikishwa mahakamani akiwa na afya njema, na sheria imechukua mkondo wake. Hali ni shwari. Wananchi waendelee na shughuli zao.

Najua ungecheka, kile kicheko chako kilichoanzia puani kama mtu anayezuia chafya. Nakuandikia hadharani kwa sababu Mji wa Pimbi haukuwahi kusikiliza kesi faraghani. Wasomaji wengine wasihangaike kuutafuta mji huo kwenye ramani. Ulikuwa pale juu ya mwamba, kati ya nyumba yetu na reli, na raia wake walikuwa wale pimbi waliotoka asubuhi kuota jua. Watu wazima waliona mawe na wanyama wanene wasio na mkia. Sisi tuliona maghorofa, barabara zenye taa za vimulimuli, na mvua iliyopiga hodi kila jioni, maana mtoto wa Dodoma akijenga mji wake kitu cha kwanza kuweka ni mvua. Magari ya polisi yalivutwa na kobe. Kwa hiyo ukatunga sheria kwamba mhalifu haruhusiwi kukimbia kasi kuliko polisi. Usikatae, Dada, ile sheria uliitunga kwa ajili yangu. Mimi ndiye niliyekuwa Mkuu wa Polisi, mkanda wa mpira wa baiskeli kiunoni, na mbio sikujaliwa.

Wewe ulikuwa hakimu, kitenge cha mama kichwani.

Naikumbuka siku Chiku wa jirani alipochukua gari langu la mabua ya mtama. Nilimleta kwako amefungwa kamba ya katani, nikadai viboko vingi.

"Afande," ukasema, "msemee kwanza."

"Nimsemee mwizi? Mimi ndiye niliyeibiwa!"

"Ndiyo maana. Msemee mpaka mwenyewe akiri kwamba umemsema kama alivyo. Na ukikwama usiniulize mimi. Muulize yeye."

Nilikwama palepale. Ikabidi nimuulize Chiku, akanijibu huku akitazama vidole vyake vya miguu kwamba alitaka bibi yake, aliyekuwa hatoki tena kitandani, alione gari lile. Hasira zikaniishia kesi haijaiva, na kwa polisi hiyo ni hasara kubwa. Nikamsemea, akasema "Umenisema," ukagonga jiwe. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sheria ya mji: mlalamikaji ndiye wakili wa mshtakiwa.

Walioshindikana kabisa walihukumiwa sahani ya mlenda, ile mboga yetu ya kuteleza. Adhabu kali kuliko hiyo hukuijua. Binti wa Kigogo asiyekula mlenda! Mama alikuwa akikutazama unavyousukuma pembeni ya sahani anasema, "Huyu si wangu, huyu alishushwa na treni."

Ukaukimbia maisha yako yote. Lakini Mji wa Pimbi hukuuacha. Ulimhadithia binti yako Tumaini kila alipokataa kulala, mpaka akazijua sheria zake kabla hajaijua hesabu ya kutoa.

Sasa nifike kwa Tumaini. Anakaa kwangu, anasoma chuo hapa mjini, ana uso wako na ukaidi wako. Tangu tulipokuzika alikuwa haongei na baba yake. Siku ile ya mwisho hospitalini alikushika mkono peke yake. Shemeji alikuwa ameondoka asubuhi, akarudi wakati wewe umeshaondoka. Alipoulizwa alikuwa wapi alitazama chini, akaendelea kutazama chini mpaka watu wakaacha kuuliza. Tumaini hakuhitaji ushahidi zaidi. Alitoa hukumu, akajifungia.

Kila Jumamosi shemeji alitoka Ihumwa, anapiga hodi mlangoni kwa binti yake, hatoki. Mimi nilikaa katikati nikisema maneno ya kipumbavu kuhusu hali ya hewa. Nilianza kuogopa kwamba iko siku yule mzee hatakuja tena, na huyu mtoto atabaki yatima wa pande zote mbili huku mmoja wenu yu hai. Jumamosi moja akaleta jogoo, zawadi ya mwanawe. Mlango haukufunguliwa. Akamwacha ndani ya geti, akaondoka. Jogoo, kwa kukosa mwenyeji, akaingia kwenye mchicha wa Tumaini.

Wiki iliyofuata nikampigia shemeji simu aje kujibu kesi ya mali yake. Nikaweka vigoda uani. Nikajifunga kitenge cha wifi yako kichwani. Usinicheke, kipara changu kilihitaji hifadhi.

"Mjomba, sina muda wa michezo," Tumaini akasema. "Nina mtihani."

"Mlalamikaji, keti. Mchicha ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi msemee mshtakiwa."

Aliguna, akakaa. Alimtazama jogoo, hakumtazama baba yake.

"Haya. Mshtakiwa ni mshamba. Ametolewa kwao akaletwa mahali ambapo hana mtu wake. Amekaa nje ya mlango, mlango haufunguliwi. Sasa angefanya nini? Hakuja kwa ubaya. Alikuja tu, halafu hakuna hata mmoja aliye..."

Jogoo naye akaacha kuparua.

"Umekwama?" nikamuuliza.

"Ndiyo."

"Sheria unaijua."

Kisha akamgeukia baba yake.

"Baba. Siku ile ulikwenda wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Kufanya nini?"

"Kupika. Mama yako alisema anataka mlenda. Wa nyumbani, wa chungu. Nikaupika. Niliporudi na hotipoti, nikakuta..." Akafuta mdomo kwa kiganja. "Nikampa mlinzi wa getini. Akasema hauna chumvi."

Tumaini akacheka, Dada. Kicheko chako, cha puani. Kisha kikakatika.

"Mama hali mlenda. Hajawahi. Hukujua?"

"Nilijua."

"Sasa?"

"Alipotaja mlenda nikaelewa hataki nimwone anavyokata roho. Nikaenda."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie kwamba alinitoa mimi akakubakiza wewe? Ungelibebaje hilo? Nikaona afadhali unikasirikie."

Hapo hakimu alijifuta macho kwa kitenge cha ofisi.

Sasa nikuambie ukweli, kwa sababu tangazo la pale juu ni la kipolisi. Jogoo sikumkamata mimi. Nilijirusha nikamkosa, nikaanguka kifudifudi, na nusu ya mchicha ulioharibika uliharibiwa na tumbo langu. Aliyemkamata ni Tumaini, kwa punje chache za mtama. Na sheria haikuchukua mkondo wowote. Shemeji hakusema "Umenisema." Hawakukumbatiana. Shemeji alikwenda kwenye tuta akaanza kusimamisha miche iliyosalimika, na baada ya muda Tumaini akamletea maji kwenye kopo. Kesi niliiahirisha.

Jumamosi iliyopita mlango ulifunguliwa kabla hajapiga hodi. "Shikamoo, baba. Leo upike ule mlenda. Chumvi nitatia mimi."

Akapika. Tulikula uani, jogoo akituzunguka kama raia huru. Mimi nilitazama mlenda ukivutika kutoka kwenye tonge mpaka kidevuni kwangu, nikakuelewa kidogo. Shemeji alionja, akatafuna pole pole kitu kisichohitaji kutafunwa. Tumaini alikuwa akimwangalia.

"Imekolea?"

Akatikisa kichwa kukubali. Akameza.

"Umenisema, mama," akasema.

Nilitafuta jiwe la kugonga, nikakosa, nikagonga kigoda.

Pumzika, Mheshimiwa. Mahakama imesimama.

Mdogo wako,
Mkuu wa Polisi, na kaimu hakimu, Mji wa Pimbi