Unabii wa Jiwe Jeupe

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Myamba hatujambo, na tangawizi imetoka vizuri.

Unauliza, kwa ajili ya masomo yako ya historia, unabii wa kale utakuonyeshaje jinsi watu wa zamani walivyoishi dola yao ilipoyumba. Nikupe mfano wa hapa kwetu: miaka ya uhaba wa bidhaa tulipanga mawe kwenye foleni ya duka la ushirika yatushikie nafasi, tukaenda shamba. Wifi yangu Nakijwa akaandika unabii, akatusomea: “Siku zinakuja, mwenye jiwe jeupe atakosa sabuni, na nepi za mwanawe atazifua kwa majivu.”

Baadaye serikali iliporuhusu biashara huria, sabuni ikajaa madukani mjini Same, watu wakamcheka. Kweli, ya kesho hakuyajua. Lakini jiwe jeupe lilikuwa langu, na nepi za baba yako nilikuwa nimezifua kwa majivu siku moja kabla hajatusomea.

Ni mimi bibi yako.