Dereva Bora wa Mwezi

Kaka,

Shikamoo. Huku tu wazima. Paa la jikoni limezibwa, paka kazaa tena.

Tangu magari ya kampuni yafungwe vile vifaa vya kuyafuatilia, kazi yangu ni kuangalia kwenye kompyuta jinsi madereva wanavyoendesha na mafuta wanayotumia. Mwezi huu Baba kawashinda wote: hakimbizi gari, hakanyagi breki ghafla, anakwenda mwendo wa kobe. Bosi kampa cheti, na Jumatatu anamkabidhi lori jipya la kubeba petroli.

Nilipompongeza, alininyooshea kile cheti. "Hebu nisomee, mwanangu."

Nikamsomea. Maandishi ni makubwa kama ya bango, Kaka, na Baba ndiye aliyetufundisha kusoma.

Bosi sijamwambia neno. Wewe ndiye mkubwa. Njoo kabla ya Jumatatu.

Mdogo wako