Vidude vya Masikioni Ulivyoniagiza Nivipime

Nyumba ya pili kutoka kona,
Nyuma ya karakana ya samani.
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Hujambo huko uliko? Mgongo wako je, ule uliokuwa ukikusumbua kila ukimnyanyua yule bibi unayemtunza, umetulia? Unakula ukiwa umekaa, au bado ni ile chai yako ya kunywa umesimama huku unatafuta viatu? Mimi niko salama kwa kiasi changu. Vidole vyote kumi ninavyo, na kwa seremala aliye kazini miaka thelathini na mmoja hiyo si habari ndogo. Magoti ndiyo yananinunia asubuhi, lakini yakishapata joto tunapatana.

Najua utashtuka kupata barua wakati simu ipo. Usiogope, hakuna msiba. Nina jambo ambalo kila nikitaka kulisema linanigeuka mdomoni, linatoka neno jingine kabisa. Linahusu lile swali uliloniuliza mwezi wa tisa mwaka jana, ambalo sikukujibu. Nitalifikia. Kwanza niache nianze na uliloniagiza, maana ukianza kunisoma kwa hasira hutafika mwisho.

Mzigo wako ulifika mzima. Kikaratasi chako nimekisoma na nimekihifadhi: kwamba vidude hivi vinazima kelele za nje, nivivae karakanani ili nisikukimbie tena kwa kisingizio cha mashine, kisha nikupe maoni ya kweli, maana mwenzako wa kazini naye anavitamani. Hukuandika "kisingizio". Hilo nimeliongeza mimi.

Basi nimevivaa wiki tatu, na nilikuwa naandika maoni nyuma ya daftari langu la vipimo. Kikasha chake kina ukubwa wa kipande cha sabuni kilichobaki nusu. Kinafunguka vizuri na kujifunga chenyewe, bawaba yake imetengenezwa na mtu anayejua kazi. Vimekuja na vikofia vya mpira vya saizi tatu. Mimi kwa kujidai nikavalisha vile vikubwa, masikio yakaniuma siku mbili, mpaka nikakubali kwamba vidogo ndivyo vyangu. Mwambie mwenzako aanze na vidogo asijitese.

Chaji inakaa. Navivaa asubuhi, saa ya chakula navirudisha kikashani vinywe kidogo, jioni bado vina uhai. Ukiinama havianguki, ila ukitafuna kitu kigumu vinalegea.

Na kuzima kelele vinazima, sitii chumvi. Unaikumbuka ile mashine kubwa ya randa, ulivyokuwa ukiziba masikio mlangoni ukiniletea chakula? Nilibonyeza kidogo, ikawa kama inafanya kazi nyumba ya tatu. Lakini mwenzako asivivae mahali pa hatari. Mashine ikitaka kurusha ubao huwa inabadilisha sauti kwanza, na mimi siku hiyo sikusikia mabadiliko yoyote. Ngazi, fundi rangi wetu mrefu, ndiye aliyekimbia kuzima swichi. Bosi alinisema sana, na alikuwa na haki.

Tena kile kimya sikukipenda. Watu wanalipia kimya, mdogo wangu, mimi ninacho nyumbani bure. Tangu wifi yako atutoke nafungua mlango jioni, naweka funguo mezani, na hapo ndipo mazungumzo ya siku yanapoishia.

Kasoro niliandika mbili. Ya kwanza: kidude kikipotea, simu inaweza kukiamuru kilie ili ukipate. Cha kulia kiliniponyoka kikazama kwenye maranda. Nikakiamuru kilie. Kimya. Nikaamuru tena, nimepiga magoti nachambua maranda kama kuku. Ngazi akatoka upande wa pili wa karakana, akaja moja kwa moja, akakiokota karibu na mguu wangu. Nikaandika: sauti ya kukitafutia ni hafifu mno.

Kasoro ya pili: sauti ya mtu kwenye simu inatoka mbali. Hiyo niliiandika ile Jumatano uliponipigia mchana. Ulifurahi, ukaniuliza kama kelele zimeisha, nikasema zimeisha. Na kweli zilikuwa zimeisha. Mashine zote zilikuwa zimenyamaza masikioni mwangu, na wewe bado ulikuwa unaongea kama mtu aliye nyuma ya ukuta. Nikakuambia mtandao ni mbaya, nikakata.

Kesho yake nikavipeleka kwa Mama Chaja, mama mmoja anayetengeneza simu pale kona, nikamwambia dada yangu kauziwa bandia. Akavifuta kwa pamba, akavaa mwenyewe, akasikiliza. Akaniambia ni vizima kabisa, angekuwa navyo yeye asingelala. Nikabisha. Akasema basi tuulize simu yenyewe, kumbe kuna kipimo humo ndani: unakaa kimya, vinalia vimlio vidogo, kila ukisikia unagusa kioo.

Nikakaa pale kwenye kiti cha wateja na kidole juu ya kioo. Nikasubiri. Baada ya muda nikamwambia aanze basi, nina kazi. Mama Chaja ni mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliniangalia tu. Kisha akaninyooshea kioo nisome. Sikio la kushoto lilikuwa limeshamaliza kupimwa.

Nilikwenda kuvishtaki vidude, mdogo wangu, nikarudi nimehukumiwa mimi. Kushoto hakuna kitu. Kulia kumebaki kidogo.

Nikueleze ukweli wote sasa. Nilikuwa najua. Sikujua kiasi, lakini kwa miaka minne hivi nimejua. Nimeishi kwa maneno manne: sawa, haya, amina, na "hapo umesema kweli". Ukiyatumia kwa zamu na ukatikisa kichwa, watu wanakuona msikivu sana. Kwenye chai ya saa nne wenzangu wakicheka nami nacheka, nimechelewa kidogo. Ulipokuwa unapiga Jumapili nami nasema mashine zinapiga kelele, karakana ilikuwa imefungwa. Nilikuwa nimekaa jikoni peke yangu.

Mwaka jana Ngazi aliniinamia akaniambia jambo huku anatikisa kichwa. Nikadhani ni utani wake wa siku zote, nikacheka nikampiga begani. Alikuwa ananiambia mkewe amelazwa. Kuanzia hapo akawa ananisalimia tu na kupita, nami sikujua kosa langu ni nini. Nikasema moyoni, haya, naye kanichoka.

Kwa nini sikusema? Niliogopa kuondolewa kwenye mashine, hiyo moja. Nyingine wewe unaijua kuliko mtu yeyote. Unakumbuka baba alivyozibika masikio, na mimi na wewe tukawa tunasimama nyuma ya kiti chake tunamsengenya palepale, tunapanga namna ya kuiba sukari, naye anatabasamu tu? Wewe ulikuwa na miaka sita. Mimi nilikuwa mkubwa wa kutosha kuona haya, na sikuona. Nilipoanza kutabasamu tabasamu lile lile, nilijificha. Hasa kwako.

Mama Chaja hakuniacha niondoke hivyo. Kuna mahali ndani ya simu unaviambia vidude vifuate kile kipimo, vipandishe zile sauti ambazo sikio limezipoteza. Akabonyeza hapa na pale, akanirudishia. Nikasikia mfuko wa plastiki. Nikasikia bangili zake zikigongana. Akaniuliza naendeleaje, na ndipo nikajua kwamba ana sauti nzito ya kukwaruza, miaka yote hii naichukulia nyembamba. Akanipa kiti tena, akaendelea na simu za watu.

Nyumbani nikaingia chumba cha marehemu mama, ambacho nilikuwa nimekijaza mbao, nikakaa juu ya mbao hizo na kufungua jumbe zako za sauti. Zote, kuanzia ya kwanza. Nilikuwa nazijibu bila kuzisikia, nakisia tu kwa urefu wake: ikiwa fupi nasema sawa, ikiwa ndefu nasema amina.

Sikujua kwamba unakohoa. Sikujua kwamba kila ukimaliza kuongea unacheka kidogo, hata kama ulichosema hakichekeshi, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchukua muda wa wengine. Sikujua yule bibi anakuita kwa jina la binti yake, nawe unaitika. Umenisimulia hayo yote, mimi nikakujibu "Haya, tuko pamoja".

Kisha nikaifikia ile ya mwezi wa tisa. Ni ndefu. Mwanzoni unavuta makamasi, unasingizia mafua. Unasema mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi wa kumi na umechoka, unawatunza wazee wa watu na kuwafunika mablanketi, ukirudi chumbani kwako hakuna hata wa kumuuliza kama mvua imenyesha. Unauliza kama chumba cha mama bado kipo wazi. Halafu unasema, "Kaka, sitaki nije niwe mzigo kwako. Niambie neno moja tu, nije au nibaki. Ukisema njoo nafunga mizigo."

Nimerudi kuangalia nilichokujibu. Nilikujibu "Amina. Mungu akutangulie."

Na wewe, baada ya siku tatu, ukaandika: "Haya kaka, nimekuelewa." Ukaweka sahihi miaka miwili mingine. Nakumbuka nilivyosoma hayo maandishi yako nikafurahi, nikasema afadhali leo nimejibu vizuri.

Nimelia, mdogo wangu. Mzee mzima, na vidude masikioni, kwa hiyo nimejisikia ninavyolia, na si sauti nzuri. Nimehesabu ni mara ngapi umeniandikia tangu siku ile. Ni chache, na zote fupi. Nilidhani kazi imekuzidi. Kumbe ulikuwa umejifunza kutonisumbua.

Siombi unionee huruma, nimekuandikia ili ujue kwamba hukufukuzwa. Hakuna siku niliyokukataa. Jibu la swali lako lilikuwa njoo, na leo ni njoo. Najua sahihi ya mkataba haifutwi kwa barua. Bado mwaka mmoja na miezi minne. Ukiona vema kuumaliza, umalize, nitangoja. Kukiwa na njia ya kuuvunja kwa heshima, uvunje. Siwezi kukuchagulia, nimekwisha kukuchagulia mara moja bila kujua na tazama nilivyofanya. Lakini usije kwa ajili ya masikio yangu. Napika, nafua, najitosheleza. Njoo kwa sababu humu ndani hakuna anayeniita kaka.

Mbao nimezihamisha zote. Dirisha la chumba cha mama lilikuwa limekaza, nimelipiga randa linafunguka kwa kidole kimoja. Ndimo ninamoandikia.

Mengine ni haya. Nimekwenda kwa daktari wa masikio. La kushoto halirudi, la kulia litapewa kifaa chake rasmi, vidude vyako ni vya kusogezea siku. Bosi nimemwambia. Kaniondoa kwenye mashine, kaniweka meza ya kuunganisha viti, na imeniuma, siwezi kusema haijaniuma. Ngazi pia nimemwambia. Akasema mwaka mzima ameniona mtu wa roho mbaya. Mkewe amepona. Ijumaa alikuja kukaa karibu nami kwenye chai, upande wa kulia, bila kuambiwa.

Sasa nakuomba kitu. Jumapili ya kwanza baada ya kuipata barua hii, nipigie saa kumi jioni. Nitakuwa nimekaa humu chumbani kwa mama, navyo masikioni. Sitasema kuna kelele. Nisiposikia nitakuambia sijasikia, rudia, nawe urudie hata mara tatu bila kunionea aibu. Na lile swali uniulize tena kwa sauti yako, usilifupishe. Nataka nilisikie linavyoulizwa, halafu nilijibu.

Shangazi anakusalimu, bado anamgombeza kila mtu, na nimegundua anagombeza kwa sauti kubwa kuliko nilivyodhani. Binamu yetu fundi cherehani anakusalimu pamoja na wanawe. Mama Chaja anakusalimu kama anakujua, maana nimekuongelea sana. Nisalimie yule bibi yako, na mwambie kwamba binti yake mwingine ana kaka anayemngoja.

Mungu akulinde unapotoka na unapoingia, akupe usingizi, akuondolee kikohozi hicho.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata pale nilipokujibu vibaya.

Nyongeza: Nilikaribia kusahau ulichoniagiza. Mwambie mwenzako avinunue, ni vizuri. Zile kasoro mbili nimezifuta daftarini. Zilikuwa zangu.