Waya wa Kibanda cha Baba

Kilolo, Jumanne, Machi 1974

Nimechoka, hata kusimama siwezi. Asubuhi nzima nilikuwa Iringa mjini nachagua waya kama bibi harusi anayechagua kanga. Nilitaka ule mwembamba, mwepesi kuubeba, ila mwenye duka akanionya: "Dada, kwa umbali huo sauti itafia njiani." Nikachukua mnene, na spika moja, nikarudi nimelowa chapachapa.

Nimeuvuta kutoka kwenye redio yetu sebuleni hadi kibanda cha Baba, ng'ambo ya ua. Miguu yake haimbebi tena. Kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, ni mimi niliyekuwa navuka matope kwenda kumsimulia taarifa ya habari, tena kwa kupaza sauti, maana masikio nayo yameanza kuchoka. Niseme ukweli, nilishachoka.

Leo spika imelia, safi kabisa. Baba kasikiliza mpaka mwisho. Mimi nimesimama mlangoni, nangoja shukrani.

"Sasa habari ninazo humu humu," akasema. "Kesho, mwanangu, utakuja kufanya nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.