Vifungo Mia Tisa Tisini na Saba

Mke mwenzangu,

Miezi minane hujakanyaga mlango huu. Kama miguu imekuchoka, sema nije na cherehani niishone upya. Mimi bibi yako mzima, ila goti la kulia linagoma asubuhi. Wewe je, unakula, au unatafuna chaki?

Barua yako nimeisoma mwenyewe, mara mbili, miwani puani. Umesema umepata namba tasa (aliyezipa jina hilo hana adabu), ndefu kiasi cha kujaza daftari zima, na hakuna namba ya kuigawa ikaisha bila kubakiza kitu, ila moja na yenyewe. Nimeelewa. Usicheke.

Halafu ukasema umeifungia kwenye droo, mwezi wa nne sasa, hutaki kuwaonyesha wakubwa wako wa kazi, eti wewe ni mtu wa kukosea hesabu tangu utotoni. Kompyuta imeihakiki, mwenzako ofisini ameihakiki, wewe bado huamini. Hapo ndipo nilipotafuta kalamu.

Unakumbuka ulipovunjika mguu, ungali mtoto. Daktari alisema wiki sita usinyanyuke, nawe ulikuwa kama panzi. Nikakumwagia kitandani vifungo vyangu vya mashati, nikasema ukivipanga safu zilizo sawa bila kubaki hata kimoja, utanyanyuka. Ukahangaika navyo, mia tisa tisini na saba. Safu mbili, kinabaki kimoja. Tatu, kimoja. Tano, viwili. Saba, vitatu. Ulipofika thelathini na moja ukaniambia hakuna haja ya kuendelea, mbele ya hapo ni safu zilezile zimelala ubavu. Mguu ukaunga. Na kila ulipochoka na vifungo ulinifundisha herufi kwa chaki ya kukatia nguo, mimi niliyekuwa nikitia dole gumba kwenye kila karatasi. Kila neno hapa limetoka kwako. Ahsante, mjukuu wangu. Sijawahi kukushukuru ipasavyo.

Sasa sikiliza, usinikatize. Siku ya kwanza kabisa ulivihesabu elfu moja kamili, ukapanga safu ishirini na tano za arobaini arobaini, ukapitiwa na usingizi mchana ule ukisubiri nikuruhusu. Nikaogopa. Nikachota vitatu. Ulipoamka nikasema hesabu tena. Ukalia kwamba umekosea, nami nikanyamaza. Mambo ya namba tasa sikuyajua. Vidole ndivyo vilivyochota. Ningechota viwili, ungepanga safu mbili ukasimama, na leo ungekuwa unachechemea. Kwa vile vitatu nashukuru mpaka kesho. Kwa kule kunyamaza, nisamehe.

Hukukosea hata kimoja. Mwizi ni mimi.

Msalimie huyo mwenzako mwenye subira. Mimi ni bibi yako yuleyule, fundi wa mashati, nakupenda kuliko macho yangu.

Itoe namba kwenye droo kwanza, ndipo uje. Na ukija, beba mkasi mdogo: vile vitatu nimevishonea ndani ya pindo la gauni langu la kijani. Utavifumua mwenyewe, uvihesabu vyote kwa sauti, nikusikie ukifika elfu.