Maswali ya Fundi Mwenzangu

Kwako dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikutesa umekupa nafasi ya kupumua. Huku miili ni mizima. Mke wangu amerudi kufundisha na anakusalimu sana. Mimi nakuandikia nikiwa kazini, kwenye chumba cha mashine juu kabisa ya jengo, ambako hakuna wa kunisumbua ila mtambo wa lifti. Barua hii nimeianza mara kadhaa nikaichana. Hata sasa naandika mistari miwili, nasimama, nazunguka mashine, narudi kukaa.

Uliuliza habari za baba. Unakumbuka ulivyomwacha baada ya msiba. Mtu aliyefundisha mantiki chuoni maisha yake yote, ambaye hata chumvi anaiomba kwa hoja, alikuwa amelala kaelekea ukutani, chakula kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Daktari alisema hamwoni na ugonjwa, ila asipokula tutampoteza. Mimi na shangazi tulimbembeleza mpaka tukaishiwa maneno. Sasa anakula, na aliyemfanya ale unamjua kwa sifa: yule fundi mwenzangu asiyeamini.

Ilianza hivi. Siku moja, ili tu kuvunja ukimya, nilimwambia baba kwamba kuna fundi kazini kwetu anayesema Mungu hayupo. Baba akageuka. Akataka kujua ana hoja gani. Nikasema anadai kwamba kama kila kitu kina chanzo, basi na Mungu awe na chake. Baba akaomba mto wa kuegemea, kisha akaomba supu. Kati ya kijiko na kijiko akanieleza kwamba hakuna mtu mwenye akili aliyesema kila kitu kina chanzo. Kinachosemwa ni kwamba kila kitu ambacho kingeweza kutokuwepo kimeegemea kingine. Akaniuliza lifti inaning'inia wapi. Nikamwambia kwenye kamba za chuma, kamba ziko kwenye gurudumu, gurudumu kwenye boriti, boriti kwenye kuta. Akasema basi kamwambie mwenzako, hata akiurefusha mlolongo huo bila mwisho, bado wote unaning'inia, na kinachoning'inia kinadai kisichoning'inia. Supu ikaisha.

Kesho yake nikaja na swali jingine, ikawa ndiyo dawa. Shangazi akawa ananipokea mlangoni na kuniuliza kama leo nimeleta swali la nyama au la mchuzi tu, maana swali likiwa gumu baba huongeza sahani. Nilipomletea lile la kwamba Mungu anaweza au hawezi kuumba jiwe asiloweza kulinyanyua, alicheka mpaka akakohoa. Akasema mtu akikuagiza duara lenye pembe nne, ukakosa kumpa, hujashindwa wewe. Yeye ndiye hajaagiza kitu.

Akampenda sana huyo fundi. Akawa anamtumia salamu na kumwombea kwa sauti, akakusimulia wewe kwenye simu, nawe ukampeleka kwenye kikundi chenu cha maombi. Kuna siku alimfungia kipande cha kuku kwenye karatasi nimpelekee. Nilikila mwenyewe kwenye ngazi, dada.

Mambo yaliharibika baba alipofika kwenye sifa za Mungu. Alifundisha kwamba Mungu hana sifa kama mtu mwenye nguo kabatini, leo avae huruma, kesho avae haki. Ni mmoja asiye na vipande. Ujuzi wake ndio huruma yake, na huruma yake ndiyo uwezo wake. Sisi ndio tunaogawa kwa ufinyu wa akili zetu. Alilisema hilo kwa furaha kubwa, macho yanang'aa, mchuzi kidevuni. Mimi nilitoka pale nikashindwa kukaa. Nyumbani nilikuwa nainuka mezani bila sababu. Kazini nilikaza nati, nikailegeza, nikaikaza tena nati ileile, mpaka msimamizi akaniuliza kama nina homa.

Juzi niliingia chumbani kwake hata viatu sijavua. Nikasema mwenzangu anauliza hivi: kama ujuzi na huruma ni kitu kimoja, basi siku ile mtoto alipokuwa akitafuta pumzi wodini, baba yake amemshika miguu, Mungu aliijua kila pumzi, hakukosa hata moja. Ujuzi wote ulikuwa mle chumbani. Kwa nini huruma haikuwemo, ikiwa ni kitu kilekile?

Baba akaweka kijiko. Nilisubiri aanze kama kawaida yake, kwamba kwanza tutofautishe hiki na kile. Shangazi akaja kuchukua sahani, akaikuta imejaa, akanitazama kwa jicho baya akatoka. Ndipo baba akaniuliza kwa upole:

"Huyo mtoto wa mwenzako, aliitwa nani?"

Dada, hakuna fundi mwenzangu. Mafundi wote ninaofanya nao kazi ni wacha Mungu kukushinda wewe. Huyo nilimtunga ili baba ale, na maswali ya mwanzo niliyaokota huku na kule. Lakini tangu tulipomzika binti yangu sijasali. Mke wangu akifumba macho nami nafumba, natikisa midomo, basi. Asiyeamini ni mimi, au sijui nimekuwa nini. Niliogopa kumwambia baba kwa kinywa changu, kwa kuwa niliona itammaliza, nikamtanguliza mtu wa kubuni.

Nikalitaja jina la binti yangu. Sikuwa nimelitamka tangu makaburini.

Baba hakushtuka. Alisema alijua siku nyingi, maana tangu utotoni mimi nikiwa na langu husema fulani anauliza. Kisha akasema:

"Swali hilo hata mimi ninalo. Nilidhani nikiyajibu hayo mengine yote, na hili litajibika. Sina jibu, mwanangu."

Akasema hoja zake hazijalegea hata moja, yupo asiyening'inia, ana hakika naye. Ila hakika hiyo haimpi usingizi. Nikamuuliza sasa anasali vipi. Akasema anamuuliza Yeye swali hilohilo, kwa sababu hana mwingine wa kumuuliza. Chakula kilikuwa kimeshapoa. Akaisogeza sahani katikati yetu, tukala wote wawili, naye alipoanza kusali sikutoka nje.

Sikwambii kwamba nimepona. Amenitaka niende leo bila swali, na sijui mtu anaingiaje kwenye chumba kile mikono mitupu. Uje ukipata ruhusa, nina shida na wewe. Kikundi chako usikiambie kwamba fundi hayupo. Waache waendelee, mwombewa yupo.

Nisalimie shemeji, na mkubwa umwambie asiache hesabu. Tangu msiba, barua zako zinawataja watoto wote isipokuwa kitinda mimba wako, aliyezaliwa mwaka mmoja na wangu. Najua unanionea huruma. Ukiniandikia, mtaje. Niambie meno ya mbele yameota au bado ana pengo, na kama kamba anairuka mwenyewe sasa. Wangu alikuwa ndiyo kwanza anajifunza.

Ni mimi mdogo wako,
wa tumbo moja.