Ukurasa wa Kanu, Aya ya Kuvumwani

Jumatatu, 1 Desemba
Moshi mjini. Chai imepoa, mhariri kakata tena. Nilimpelekea viumbe wawili walio hatarini kule Kirua Vunjo: kanu, mnyama mdogo mwenye madoa, mla panya na kuku, na kuvumwani, zulia la kijani lililoota kwenye jiwe moja korongoni. Kanu kapewa ukurasa na picha. Kuvumwani, aya moja. "Dada, nani atalilia majani ya jiwe? Mnyama ana macho." Nimekasirika.

Jumatano, 3 Desemba
Imetoka. Simu tangu asubuhi, zote za kanu.
Kanu anahitaji msitu mzima, lakini ana miguu. Akifukuzwa huku, anahamia kule. Kuvumwani inataka jiwe, kivuli, maji. Kuiokoa ni rahisi: usiiguse. Neema, mtafiti wa mimea, amepekua makorongo ya jirani. Hajaiona kwingine.

Ijumaa, 5 Desemba
Neema kapiga. Kesho kamati ya mapambo ya kanisa la kigango inakwenda kukusanya "nyasi" za pango la Noeli. Wanazibandua kwenye jiwe lile lile, kila mwaka. Nilipoandika sikuwa nimeuliza kama kuna anayeigusa. Siwezi kutulia.

Jumamosi, 6 Desemba
Nimefika korongoni na Neema, tumechelewa. Mama Aloyce, mkuu wa kamati, alikuwa na kisu na kikapu. Nusu ya jiwe tupu.
"Shikamoo, mama."
"Marahaba. Karibu, mwandishi! Kanu wenu nilimnasa juzi, kanimalizia kuku. Nikamfungulia, kama gazeti lilivyosema."
Nikamweleza kilichomo kikapuni.
"Sasa hii mbona hukuandika?"
Niliandika. Aya moja.
"Kwa hiyo Mtoto Yesu alale kwenye plastiki?" Akasonya. Kisha akaanza kurudisha vipande jiweni, kimoja kimoja, akivikandamiza kwa kiganja. "Vitashika?"
Neema alimjibu kwamba hajui.

Jumatano, 24 Desemba
Manyunyu. Kanisani, pangoni wametandika majani makavu ya mgomba. Mzee mmoja kasema panafanana na zizi la ng'ombe. "Kwani alizaliwa wapi?" Mama Aloyce akamjibu, akaendelea kutandika.
Nimeshuka korongoni peke yangu. Upande ambao haukuguswa ni wa kijani. Kwingine, vipande vingi vimedondoka. Vichache vimeshika. Kama viko hai, bado haijulikani.